Mashine Kuukuu ya Boti Inayomisi Kwenye Silensa: Fundi Aanzie Wapi?



Mada hii inahusu mashine za boti zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, mfano wa Yamaha Enduro za silinda mbili tunazozikuta fuoni kuanzia Moa hadi Msimbati. Lalamiko la manahodha ni moja: ukivuta mafuta inakwenda vizuri, ukiirudisha kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini, inatetemeka, inamisi, na mara inazimika boti ikikaribia gati.

Wengi wetu mafundi hukimbilia kukaza skrubu ya silensa ili mzunguko upande. Naomba tabia hii tuiache. Kasoro inabaki palepale, na kila nahodha anapoingiza gia mashine ikiwa juu, meno ya klachi kule chini hugongana kwa nguvu na kulika.

Swali la kwanza liwe hili: inamisi kwenye mwendo mkubwa pia? Kama inamisi kotekote, shuku umeme, kompresheni au maji kwenye petroli. Kama ni kwenye silensa tu, shuku zaidi jeti ndogo ya kabureta au hewa inayoingia pasipostahili, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa jeti kubwa hufunika upungufu huo.

Kisha itafutwe silinda iliyolala. Mashine iwe ndani ya pipa la maji, gia ikiwa huru. Izime, chomoa kepi ya plagi moja, ivishe plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye bodi ya injini, mbali na petroli, halafu washa. Usiache waya unaning'inia bila kugusa bodi, maana unaweza kuunguza CDI, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Ikizima au kushuka sana, silinda uliyoichomoa ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umeipata iliyolala. Badilishana plagi za silinda hizo mbili. Tatizo likihama na plagi, kazi imekwisha. Lisipohama, pima kompresheni mafuta yakiwa yamefunguliwa yote na plagi zote mbili zikiwa nje. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hakuna kabureta itakayoiponya mashine hiyo. Ringi au gasketi ya hedi ndiyo inayodai.

Kompresheni ikiwa sawa, geukia jeti ndogo. Huziba kwa sababu tundu lake halifiki milimita moja, na petroli iliyolala kwenye kabureta hukauka ikaacha utomvu. Isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo. Waya wa chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuliwa ni ya kutupwa.

Hewa ya wizi ndiyo inayotuharibia pistoni nyingi, kwa hiyo naomba tuitazame vizuri. Katika mashine hizi mchanganyiko wa petroli na oili hupita kwanza kwenye chumba cha kranki ndipo uende silinda. Gasketi ya kabureta ikipasuka, au oili sili ya juu ya kranki ikichakaa, hewa huingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Oili ndiyo inayolainisha pistoni, nayo inakuwa imesafiri na petroli hiyohiyo iliyopungua. Dalili ni mashine kupanda yenyewe na kuchelewa kushuka, na plagi kuwa nyeupe badala ya kahawia. Paka oili nzito kwa brashi kwenye maungio ya kabureta mashine ikiunguruma. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Anayepandisha silensa ya mashine ya namna hii anaificha dalili huku pistoni ikiungua.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi. Mashine inayotaka 50 kwa 1 hupewa mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, kwa kipimo, si kwa kukadiria kwa jicho. Oili ikizidi, plagi hulowa na kuwa nyeusi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huleta masizi hayohayo. Na mashine inayopumzishwa siku nyingi ichomolewe mpira wa petroli, iachwe iungurume kwenye maji hadi izime yenyewe.

Skrubu ya silensa ishikwe mwisho, baada ya hayo yote kuwa sawa na mashine ikiwa imepata moto.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU): nunueni geji moja ya kompresheni kwa kila diko, itunzwe ofisini, na fundi yeyote aruhusiwe kuiazima.