Baridi Imeingia
Mazungumzo na bamama siku ya kupima watoto



Asubuhi hii wakati nilikuja hapa kwa miguu, niliona mama mmoja anapuliza mikono yake, na mtoto mgongoni amefunikwa hata pua haionekani. Nikasema moyoni: haya, imefika. Mvua ya mwisho tuliiona mwezi wa nne, na sasa mpaka karibu na mwezi wa kumi ni jua, vumbi na baridi ya usiku.

Watu wanaotoka Kinshasa ao Kisangani wanashangaa sana wakifika huku kwetu Katanga. Walifikiri Kongo yote ni inchi ya joto. Lakini Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, mchana joto linafika digri 25 ao 26, na kabla ya jua kutoka linashuka mpaka digri 7 ao 8, siku zingine hata chini ya hapo. Kule juu ya Biano na Kundelungu, ambako ardhi inapita metre 1,600, ni kali zaidi. Kwa hiyo mama akiniambia, « Baridi ya huku inaua », simcheki. Watoto wadogo inawaua kweli.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Wakati huu jua limekwenda upande wa kaskazini, na mupepo unatoka upande wa kusini-mashariki, mkavu, bila mawingu. Wakati wa mvua mawingu yanatufunika kama kifuniko cha sufuria, na joto la mchana linabaki chini. Sasa kifuniko kimeondolewa. Jua likizama tu, joto lote linapanda juu na kupotea, na ardhi inapoa mpaka asubuhi. Ndiyo maana saa ile mbaya kuliko zote si saa ya kulala, ni ile ya jogoo, wakati mama amechoka na bulangeti limeanguka chini na hakuna mtu anayejua.

Mtume Paulo, akiwa gerezani, alimwandikia Timoteo amletee joho lake aliloacha Troa, na afanye bidii kufika mbele ya wakati wa baridi. Ninapenda sana maneno yale. Mtu yule alikuwa anangojea kufa, na bado alifikiria nguo ya baridi. Basi mama akiuza kalanga zake ili anunue triko ya mtoto, asifikiri ni jambo la kidunia tu.

Sasa sikieni juu ya mtoto mchanga. Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi ni kidogo, kichwa chake ni kikubwa, na joto linatokea hapo mbio. Sisi wakubwa tukisikia baridi tunatetemeka, na kutetemeka kunaleta joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vile. Yeye ananyamaza. Analegea, analia kwa sauti ndogo, anaacha kunyonya. Mama anasema, « Mutoto wangu iko mupole, analala tu. » Mama, gusa miguu yake na tumbo lake! Kama miguu ni baridi na tumbo ni moto, mtoto ameanza kusikia baridi, umpashe joto. Kama hata tumbo ni baridi, hiyo ni hatari, usingojee kesho. Joto la mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya digri 36.5 na 37.5.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Imepita zaidi ya miaka 20. Nilikuwa nimetoka masomoni, ninajivuna na kofia yangu nyeupe. Mtoto alizaliwa alfajiri, mwezi wa saba, mtoto mzuri wa kilo mbili na nusu. Nilimwosha papo hapo, kama tulivyozoea siku zile. Maji yalikuwa ya moto, ndiyo, lakini chumba kilikuwa baridi, na nilichukua wakati mrefu kuondoa ule utando mweupe juu ya ngozi. Nikamfunga vizuri, nikamlaza peke yake katika kitanda kidogo. Nilipomrudilia, miguu yake ilikuwa kama mawe ya mto, midomo imebadilika rangi, hataki ziwa. Nilikimbia kutafuta chupa za maji ya moto. Mama mmoja mzee, mfagiaji wa maternite, hakukimbia. Alimvua mtoto nguo zote, akamweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja na kikwembe, juu yake bulangeti. Akaniambia, « Mwanangu, kifua ya mama ndiyo mbabula ya mutoto. » Mbele ya adhuhuri mtoto alikuwa ananyonya.

Yule mzee hakusoma hata kitabu kimoja cha uuguzi. Lakini jambo lile lile waganga wa Bogotá, katika inchi ya Kolombia, walianza kulifundisha mwaka wa 1978, kwa kuwa mashine za kupasha watoto joto zilikuwa chache kwao. Leo linafundishwa katika masomo ya uuguzi duniani kote. Na kifua cha mama hakina shida umeme ukikatika.

Kwa hiyo: mtoto akizaliwa, apanguswe, akauke, awekwe kifuani. Kuoga kungojee mpaka siku moja imepita. Mama mukwe akisema mtoto ni mchafu, umwambie kwa heshima kwamba ule utando mweupe ni nguo ya kwanza ambayo Mungu alimvika. Kisha wakati wa baridi mumwoshe mchana, saa sita ao saa saba, mahali pasipo mupepo, mbio mbio, na mumkaushe kichwa mbele ya kitu kingine. Kofia na shosete, ndiyo. Mtoto aliyezaliwa mdogo akae kifuani usiku na mchana. Mama akichoka, baba achukue zamu. Msicheke. Wababa nao wana kifua.

Lakini kuna baridi na kuna kupita kiasi. Mnakuja hapa saa moja ya asubuhi, mtoto ana triko mbili, kofia na bulangeti, ni vizuri. Saa sita jua linachoma, na mtoto bado amefungwa vile vile, jasho linamtiririka, tunapima tunakuta homa ambayo si homa. Huku kwetu, siku moja ina majira mawili. Asubuhi mvike, mchana mvue, jioni mvike tena kabla hajaanza kupiga chafya.

Ninakuja sasa kwa jambo ambalo kwa ajili yake hasa niliomba nafasi ya leo. Ni mbabula.

Najua mnaiingiza ndani. Mnapika bukari inje, chakula kikiisha makala bado ni mekundu, ni vibaya kutupa moto, basi mnaingiza mbabula chumbani, mnafunga mlango na dirisha, mnaziba hata ule upenyo chini ya mlango na kitambaa. Mwaka moja waliletewa kwetu watu wa nyumba moja, nkambo, mama na watoto wawili, wote wa chumba kimoja. Majirani waliona mlango haufunguki, wakauvunja. Mama na watoto walipona baada ya kupewa hewa, ingawa mama aliumwa kichwa siku nyingi. Nkambo hakuamka. Na kabla ya maziko kwisha, maneno yalikuwa yameenea kwamba ni buloji, na wakaanza kumtaja shangazi mmoja, mjane, ambaye hakuwa hata karibu na nyumba ile.

Bamama, haikuwa buloji. Makala yakiwaka mahali pa kufungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyokohoza mtu. Kuni zinakufukuza na moshi wake. Makala mekundu hayatoi moshi, na ndiyo sababu tunayaamini. Ile sumu inaingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, miguu inalegea. Na kama amekwisha kulala, hasikii kitu, analala moja kwa moja. Wengine wanasema, weka basini ya maji karibu, maji yatanyonya hewa mbaya. Hayanyonyi. Wengine wanasema, nitaacha dirisha wazi kidogo. Kidogo hakutoshi kwa chumba cha kulala.

Mkitaka kupasha chumba, mbabula iingie mapema, wakati bado mko macho na mlango wazi, na itoke inje kabla mtu wa kwanza hajalala. Afadhali watoto walale wamebanana na wewe chini ya bulangeti moja. Mkiona mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, mvuteni inje kwanza, maswali yatakuja nyuma, kisha mleteni upesi.

Na kwa kuwa tumetaja mbabula: miezi hii watoto wengi wanaungua. Mtoto anayetambaa anafuata joto. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi, muda wa dakika 20, hata kama asubuhi ni ya baridi. Kisha mumfunike ile sehemu nyingine ya mwili apate joto. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo mafuta. Tunatumia saa nzima kuondoa vitu vile juu ya kidonda, na mtoto analia.

Kikohozi. Vumbi lipo, moshi wa nyasi zinazochomwa porini upo, watu wanalala wengi katika chumba kimoja, basi kila nyumba itakuwa na kikohozi. Kikohozi na kamasi peke yake, mtoto akinyonya na kucheza, kinapita. Haviombi antibiyotiki, wala zile dawa tamu za chupa zinazouzwa sokoni. Ziwa, maji ya uvuguvugu kwa yule aliyepita miezi 6, basi. Asali, ndiyo, lakini siyo kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na ninawaomba, yale mafuta ya mawese puani! Mnafikiri mnafungua pua. Mafuta yanashuka mapafuni na hayatoki. Pua ikiziba, matone machache ya maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yanatosha.

Ugonjwa wa mapafu ni kitu kingine, na mama anaweza kuutambua mwenyewe bila mashine. Mwinue mtoto nguo wakati ametulia, wala halii, wala hanyonyi. Tazama tumbo na kifua. Hesabu kupumua kwa dakika nzima. Mtoto asiyefikisha miezi 2, akipumua mara 60 ao zaidi, ni mbio kupita. Kutoka miezi 2 mpaka mwaka, ni 50. Kutoka mwaka mpaka miaka 5, ni 40. Akifika hapo mlete siku ile ile. Na kama unaona kifua cha chini kinaingia ndani kila akivuta hewa, ao hawezi kunyonya, ao anatapika kila kitu, ao anashikwa na degedege, mlete saa ile ile, hata usiku, hata kama baba hayupo kutoa ruhusa. Nimeona mama aliyengojea ruhusa kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu. Sitasimulia zaidi.

Jambo lingine linanisumbua, nalo ni kilio. Mtu akifa tunakwenda kulala inje ya nyumba ya matanga, kuzunguka moto, siku tatu, ine. Ni desturi njema, hatuwezi kuacha wenye huzuni peke yao. Lakini mtoto wa wiki tatu hana lazima ya kulala pale mwezi wa saba, upande mmoja moto, upande mwingine umande. Mama mwenye mtoto mchanga aje mchana, alie na wenzake, na jua likielekea kuzama arudi. Hakuna mtu mwenye akili atakayemhesabia vibaya. Vivyo hivyo sikukuu ya tarehe 30 Juni: ngoma zinapigwa usiku katika majuma ya baridi hasa.

Maji yanapungua visimani, na maji ni ya baridi, kwa hiyo mikono haioshwi vizuri. Kuhara na upele vinapata nafasi. Bulangeti na vitanda muvianike juani saa za adhuhuri. Na tazameni karatasi zenu kabla ya kwenda: chanjo za wiki 6, 10 na 14 zinalinda hata mapafu, na ya surua inakuja akifika miezi 9. Yule aliyekosa moja asione haya, aniambie.

Sasa mama wa benchi la kwanza, wewe mwenye triko nyekundu, naona mtoto wako analala vizuri. Kuja naye hapa mbele. Mwinue nguo kidogo tu, tusimpoze. Mimi nitashika saa. Ninyi wote tazameni tumbo, na kila mtu ahesabu moyoni mwake, tusisemeshane mpaka dakika iishe. Tuone kama hesabu zetu zitakuwa moja.