Hotuba Juu ya Maradhi ya Kulegea Misuli



Yapo maradhi yamjiayo mtu polepole, bila ya homa wala kidonda, yakadhaniwa kuwa ni uvivu, uzee au kurogwa. Miongoni mwa hayo ni miyositisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaishambulia misuli ya mwenyewe, nayo ikavimba kwa ndani na kukosa nguvu.

Dalili huanza mapajani na mabegani. Mgonjwa huona tabu kuinuka kutoka katika sijida, kupanda ngazi, kujitwika ndoo au kuchana nywele. Wengine hutokwa na vipele juu ya vifundo vya vidole, na kope zao zikageuka rangi ya zambarau. Katika ngozi nyeusi huenda ukaonekana weusi uliozidi tu. Mgonjwa akianza kupaliwa na chakula au kutweta, asicheleweshwe hata siku moja.

Daktari hupima nguvu za misuli kwa daraja za 0 hadi 5, hutazama katika damu kemikali iitwayo kreatini kinase, na pengine hukata kipande kidogo cha msuli kitazamwe kwa darubini. Mtu mzima mwenye vipele hivyo huchunguzwa pia saratani, kwani mara nyingine mambo hayo mawili hufuatana.

Dawa ya kwanza ni predinisoloni, jamii ya kotizoni, iliyoanza kutumiwa Marekani mwaka 1948 kwa mgonjwa wa baridi yabisi. Mara nyingi huongezwa methotreksate au azathioprini. Hapa ndipo wengi hupotea: wapatapo nafuu huacha predinisoloni ghafla. Mwili uliokwisha kuizoea hupunguza kutengeneza ya kwake, na kuikatiza huweza kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya daktari. Basi kabla ya Ramadhani mgonjwa amwulize daktari habari ya saumu na saa za vidonge. Sharia imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, na kusali ameketi. Kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Zamani wagonjwa hawa walikatazwa mazoezi. Leo imethibitika kuwa mazoezi ya kiasi huwafaa.

Kwa hiyo, jamaa achelewaye kuinuka katika safu asichekwe wala asilaumiwe. Apelekwe hospitali mapema, kabla misuli haijaharibika isirudi tena. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wote shifaa. Amin.