Kwa Nini Tumeweka Vyumba vya Wasichana



Kamati ya fedha tumeulizwa kwa nini bajeti ya kiwanja ina vyumba vya wasichana vya kubadilishia nguo. Wengine wametucheka: raga, tena wasichana?

Tunamtaja Janet Okelo wa Kenya. Raga ya wachezaji saba ilipoingia Olimpiki mwaka 2016 alikuwemo Rio. Akacheza tena Tokyo mwaka 2021. Na timu yake haikuwa bingwa wa Afrika. Mara zote mbili bingwa alikuwa Afrika Kusini, ambayo haikupeleka wanawake wake, nafasi ikaangukia kwa Kenya. Waliitwa wakiwa wameshajifua. Kule Tokyo wakawafunga wenyeji Japani 21 kwa 17. Mechi ni dakika 14 tu!

Mabinti zetu wakiitwa kesho, watakuwa wamejifua wapi? Maeneo ya wazi Mbweni yanazungushiwa kuta kila mwaka, nyingine zetu wenyewe. Hiki kimoja bado.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mhazini. Risiti mnapewa papo hapo. Sisi wahasibu hatuna mzaha na hilo.