Analala New Jersey, Anafanya Kazi New York

Juma lililopita simu iliniamsha usiku wa manane. Alikuwa mpwa wangu aliyeko Marekani, ambako ilikuwa ingali jioni. Anaishi Jersey City, jimbo la New Jersey, na kila siku hupanda treni inayopita chini ya mto Hudson kwenda kufanya kazi ghalani katika jimbo la New York. "Mjomba," akalalamika, "jasho moja natozwa kodi mara mbili!"

Nikamuuliza, ritani ulijaza ngapi? Akajibu moja tu, ya New Jersey. Ya New York hakujaza kwa sababu mwajiri alikwisha kumkata kwenye mshahara. Rafiki yake alimwambia inatosha.

Haitoshi. Marekani, mbali na serikali kuu, majimbo mengi nayo hutoza kodi ya mapato. Jimbo unaloishi hutoza mapato yako yote, popote ulipoyapata. Jimbo unalofanyia kazi hutoza ulichochuma ndani ya mipaka yake, hata kama si mkazi. Mwaka 1920 bwana mmoja wa Chicago, Shaffer, aliyekuwa na biashara ya mafuta Oklahoma, alilipinga jambo hilo mpaka Mahakama ya Juu ya nchi. Akashindwa.

Ili mtu asiumie mara mbili, New Jersey humpunguzia mkazi wake kodi aliyolipa New York. Lakini haitazami alichokatwa, hutazama kodi iliyokokotolewa kwenye ritani ya New York. Makato ya mwajiri ni kama amana tu. Pengine yamezidi, pengine yamepungua. Mpwa wangu hakuwa na ritani ya kuonyesha, basi punguzo likafutwa na barua ya deni ikaja.

Kila jimbo lina sheria yake. Illinois humwacha mgeni mpaka afanye kazi humo zaidi ya siku 30 kwa mwaka. New York, mapato yako ya mwaka yakishapita kiwango kilichowekwa, hata siku moja huhesabiwa. Angekuwa anafanya kazi Pennsylvania angepona, maana jimbo hilo na New Jersey wana mapatano: kodi ya jimbo kwenye mshahara hulipwa unakoishi. Hata hivyo, mwajiri akikosea akakata, lazima ujaze ritani ya kule ili urudishiwe. Na walioko Texas, ambako jimbo halitozi mshahara, wasijidanganye. Ukienda Louisiana kufanya kazi miezi mitatu, Louisiana inakungoja na fomu yake.

Mimi si mhasibu, ila nilimshauri aanze na New York, ajaze ritani ya asiye mkazi, inayoitwa IT-203, ingawa amechelewa. Kisha nakala aipeleke New Jersey.

Jana alipiga tena, safari hii saa za kistaarabu. Hesabu imeonyesha kwamba New York walimkata kupita kiasi, na kidogo kitarudi. Miaka 3 ingepita, asingeweza kukidai.