Bulangeti Isiyofunika Mtu



Tulivuka ziwa toka kambi ya Lugufu, tukafika Baraka na mizigo midogo. Tukaanza kushona mabulangeti kwa vipande vya vikwembe vinavyobaki kwa mafundi, maana usiku wa mvua watoto wanasikia baridi. Kazi hiyo munaijua.

Sasa mama mmoja wetu alishona juu ya kikwembe kipande cha shitingi ya kambini, nyuzi za gunia na vifungo. Tukaona ziwa na mtumbwi. Wengine waliuliza: "Hii itafunika nani?" Tulibishana sana. Lakini Wakuba wa Kasai wanashona viraka juu ya rafia tangu zamani. Si mambo ya kigeni.

Tulikata neno: bulangeti za watoto kwanza, za kutundika Jumamosi. Shitingi inavunja sindano za mashini, basi tunatumia mkono na sindano kubwa ya magunia.

Wafadhili, munauliza bei ya ile ya kwanza. Haiuzwi. Ile shitingi ilikuwa nyumba yetu. Kwa zingine, karibuni.