Sili Haifi Peke Yake: Kusoma Ushahidi Ndani ya Injini ya Rota



Injini ya rota ya Wankel aina ya 13B, ambayo Mazda ya Japani iliifunga kwenye RX-7, haina silinda hedi wala gasketi yake. Nyumba za rota za alumini hupangwa kwa kupishana na mabamba ya chuma cha kusubu, kisha bolti ndefu hupenya na kuvibana vyote. Kinachozuia maji ya kupooza yasiingie chumba cha moto ni sili, pete nyembamba ya mpira iliyolazwa ndani ya mfereji. Maji yakipungua bila kuvuja nje, gari likawaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweupe, tena mapovu yakafoka kwenye mdomo wa rejeta, fundi husema sili imekufa. Kauli hiyo huwa kweli mara nyingi, lakini bado si uchunguzi. Sili ndiyo iliyoumia. Hoja yangu ni kwamba mahali ilipoumia ndipo panapomtaja aliyeiumiza.

Katika injini ya pistoni, hewa baridi na moto hupokezana ndani ya silinda ile ile. Katika injini ya rota, moto huwaka daima upande wa plagi, na hewa mpya huingia daima upande mwingine. Upande mmoja hushinda katika joto kali kuliko mwenzake, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo sili husuguliwa katikati ya metali mbili zisizokwenda pamoja. Gari likichemsha, mpira ulio karibu na plagi hukakamaa na kubapa. Ukiukuta hivyo, shuku thermostati, feni na rejeta. Ukuta wa mfereji ukiwa umeliwa na kutu, shuku maji yasiyobadilishwa kwa miaka au yasiyo na dawa ya kuzuia kutu. Sili ikiwa imebanwa nje ya mfereji wake upande wa baridi, na kuta ni nzima, shuku mkono wa aliyeifunga. Nao uso wa rota uliooshwa masizi ukang'aa, ilhali wa rota mwenzake ni mweusi, huonyesha chumba kilichokunywa maji.

Wapo watakaosema kwamba kipimo cha shinikizo na kile cha gesi ndani ya rejeta vinatosha. Vipimo hivyo huthibitisha uvujaji. Havisemi umeanzia wapi wala kwa nini. Wengine watasema sili zote hubadilishwa hata hivyo, basi ya nini kuchunguza? Zinabadilishwa, naam, lakini sili mpya katika mfereji uliobomoka ukuta haina pa kuegemea, na bamba lililopinda kupita milimita 0.04 halifai kurudishwa lilivyo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ushahidi wenyewe hudanganya: maji yaliyolala ndani ya injini hutandaza kutu, na bisibisi ya kufungulia huweza kuikata sili. Ndiyo maana alama moja haitoshi. Hukumu isimame pale sili, mfereji na uso wa rota vinapoelekeza mahali pamoja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa karakana: mwanafunzi asishike brashi wala petroli kabla hajapiga picha na kuchora kila bamba kama lilivyotoka. Injini iliyooshwa mapema inaweza kufungwa upya vizuri, na bado ikafa kwa ugonjwa ule ule.