Faida za Paa la Tabaka kwa Majengo ya Biashara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twataka kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wengi hawalikumbuki mpaka siku ya mvua, nalo ni paa. Sababu ya kuichagua habari hii mwaijua. Chama chetu kinakusudia kujenga jengo la maduka ya kupangisha, ili kodi yake isaidie wajane na watoto wa wanachama waliofariki. Katika makisio yaliyosomwa mkutano uliopita, fungu lililopendekezwa kupunguzwa kwanza ni lile la paa. Baadhi ya wenzetu walisema kwamba zege likiwa nene latosha, na likipakwa lami mara moja hapana haja ya gharama zaidi. Sisi twaona vingine, nasi twaomba ruhusa kueleza kwa nini, bila kuwadharau wenzetu hao, maana nao wanailinda fedha ya chama.

Kwanza na tutazame kazi ya paa. Mwenye duka hatoi kodi kwa ajili ya uzuri wa kuta. Hutoa kodi apate mahali pa kuweka sukari, unga, nguo na daftari zake, azikute asubuhi kama alivyoziacha jioni. Siku anapokuta gunia la unga limegeuka donge, huanza kuhesabu hasara yake. Mwezi unaofuata huomba kupunguziwa kodi. Na baada ya hapo huhama. Jengo la biashara linalovuja laweza kusimama miaka mingi machoni pa watu, na hali katika hesabu limekwisha kuanguka.

Sasa tupime maji yenyewe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, na uzito wake ni kilo 1. Jengo letu limekusudiwa kuwa na urefu wa mita 30 na upana wa mita 20, yaani mita za mraba 600. Mvua moja ya masika yenye milimita 50 italimwagia lita 30,000, nazo ni tani 30. Mji wa Dar es Salaam hupata kwa wastani mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Kwa kadiri hiyo, paa kama letu litapokea lita 660,000 kila mwaka, na kila lita itatafuta njia ya kushuka. Tusipoipa njia, itajitafutia yenyewe.

Wenzetu wasema zege ni jiwe. Ni kweli kwamba ni gumu, lakini ugumu si kuzuia maji. Zege hupungua linapokauka, nalo hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku. Kwa hiyo hupata nyufa, nyingine nyembamba kama unywele. Maji hupita humo mpaka kwenye nondo, nazo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo husukuma zege mpaka likabanduka vipande vipande. Huku pwani chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Ama lami iliyopakwa mara moja, jua huikausha na kuipasua, na ufa wa zege ukifunguka chini yake, nayo hupasuka pamoja nao.

Huenda mtu akauliza, mbona tusiezeke mabati? Mabati yenye mteremko mkali ni kinga njema, na nyumba nyingi za kale za Unguja zilizokuwa na sakafu bapa juu zilifunikwa mabati baadaye. Lakini ninyi wenyewe mlipitisha kwamba jengo letu liwe tayari kuongezwa ghorofa ya pili fedha ikipatikana. Basi juu yake patakuwa bapa, na pakiwa bapa hapana budi pawe na tabaka.

Jambo hili la tabaka si geni kwetu. Wazee wa Lamu na Unguja waliojenga nyumba za mawe walilaza boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, na juu yake chokaa na kokoto, wakaipiga kwa magongo siku nyingi mpaka ikashikamana. Nao Wamarekani, katika mji wa Cincinnati, walianza katika miaka ya 1840 kufunika mapaa bapa kwa karatasi zilizopakwa lami, moja juu ya nyingine. Katika miaka ya 1960 mafundi wa Italia walichanganya lami na aina ya plastiki, ili istahimili joto bila kuyeyuka na isipasuke upesi. Karatasi za namna hiyo ndizo ambazo mafundi wengi huzitumia leo.

Paa la tabaka hufanywa hivi. Juu ya zege hulazwa plasta ya saruji yenye mteremko, ili maji yaelekee kwenye mlizamu. Desturi njema ya wajenzi ni kukusudia mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40, ili hata zege likilegea kidogo na mkono wa fundi ukikosea, usipungue 1 kwa 80. Plasta ikikauka kabisa hupakwa lami nyepesi, ambayo hunywewa na saruji ili tabaka zinazofuata zishike. Kisha hutandikwa karatasi nene ya lami yenye kitambaa cha nyuzi ndani yake. Upande wake wa chini huyeyushwa kwa moto wa gesi, ikakandamizwa. Ukingo wa kila karatasi huilalia jirani yake kwa sentimita 10 hivi. Juu yake hutandikwa karatasi ya pili, na viungo vyake havikubaliwi kuangukia juu ya viungo vya kwanza. Penye ukuta wa pembeni karatasi hupandishwa sentimita 15 kupita uso wa paa, maana pembe ndipo maji yapendapo kuingia. Mwisho huja kinga ya jua: changarawe, vigae au rangi nyeupe. Lami nyeusi juani yaweza kupita sentigredi 60, na mvua ya ghafula huipoza kwa dakika chache. Rangi nyeupe hupunguza mateso hayo, na tena huwapunguzia joto walio chini.

Faida kuu ya mpango huu ni moja, nayo ndiyo tunayotaka mwende nayo nyumbani. Paa la tabaka moja humtegemea mtu mmoja asikosee hata mahali pamoja, siku zote alizokuwa juu. Hakuna fundi wa namna hiyo, kama vile hakuna karani asiyewahi kukosa tarakimu. Kwa hiyo sisi makarani twaandika hesabu katika daftari, mwingine huikagua, na wa tatu hutia sahihi. Hatufanyi hivyo kwa kudhaniana wezi. Twafanya hivyo ili kosa la mmoja lisiwe hasara ya wote. Tabaka za paa ni vivyo hivyo: kiungo kibaya chini hufunikwa na karatasi nzima juu, na maji yakilipita tabaka la juu hukuta mlinzi mwingine.

Lakini tabaka si hirizi. Zikilazwa juu ya saruji mbichi, unyevu uliofungiwa hugeuka mvuke juani, karatasi zikavimba. Mlizamu ukizibwa na majani, maji hutuama. Tena paa lisipotazamwa, hata lililo bora litakufa kabla ya wakati wake. Yaliyotokea mji wa Elliot Lake, katika jimbo la Ontario, Kanada, yatuonya.

Katika mji huo wa migodi ya urani lilifunguliwa mwaka 1980 jengo kubwa la maduka liitwalo Algo Centre Mall. Juu ya paa lake paliwekwa mahali pa kuegesha magari. Kinga ya maji iliyowekwa haikufaa, na paa likavuja tangu mwanzo. Wenye maduka walitega ndoo. Maktaba ya mji, iliyokuwa ndani ya jengo hilo, ilifunika vitabu kwa maturubali. Magari yalileta chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na maji ya chumvi yakala chuma kilichobeba paa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kazi hiyo iliendelea zaidi ya miaka 30, na jengo likabadili wenyewe mara zaidi ya moja. Tarehe 23 Juni 2012 sehemu ya paa ilianguka ndani, na wanawake wawili wakafa.

Serikali ya jimbo iliunda tume, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2014. Tume iliona kwamba kosa kubwa lilikuwa la watu kuliko la chuma na zege. Uvujaji haukuwa siri. Wenye jengo walijua, wahandisi waliuona, na maofisa wa mji walipata malalamiko. Mabwana na Mabibi, hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi hasa. Miaka yote hiyo zilikuwako barua na taarifa, na mahali fulani palikuwa na makarani waliozipokea na kuzihifadhi vizuri. Barua iliyopigwa mhuri na kutiwa katika faili haijaziba hata tone moja.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu upitishe mambo matatu. La kwanza, fungu la paa lisipunguzwe. Ikiwa fedha haitoshi, heri tuanze na maduka machache yaliyofunikwa barabara, kuliko mengi yaliyofunikwa nusu. La pili, mkandarasi asilipwe fungu la mwisho mpaka paa lijaribiwe kwa maji: milizamu izibwe, maji yatiwe kina cha sentimita 5, yakae saa 24 au zaidi, nasi tutazame chini kama patatoka unyevu. Maji hayo yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, basi mhandisi aulizwe kwanza kama zege litayabeba. La tatu, liwepo daftari la paa. Paa likaguliwe kila mwaka kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila lalamiko la mpangaji liandikwe pamoja na tarehe yake. Kisha, mbele yake, liandikwe lililofanywa na jina la aliyelifanya. Nafasi hiyo ikiwa tupu, Katibu aulizwe mbele ya mkutano mkuu.

Twajua ya kuwa gharama hii itauma. Lakini fedha inayoumia leo ni michango yetu sisi tulio hai, wenye mishahara. Itakayoumia baadaye ni posho ya mjane ambaye hatakuwapo katika mkutano wowote kuitetea, wala hatajua kwamba ilipotea kupitia ufa mwembamba kama unywele.